Majirani wa Ukoo Mmoja

Nyumbani kwetu ugomvi hauamuliwi kwa kelele, ingawa kelele tunazo za kutosha na za kugawia mtaa. Unaamuliwa kwa karata. Nani ahamie chumba cha uani, nani aende kuomba msamaha, paka abaki au aondoke: wenye kesi wanakaa mezani, mtu wa tatu anakaa nao ili meza isipwaye, wanacheza poka, na anayeishiwa kwanza ndiye anayekubali yaishe. Hakuna rufaa. Baba mdogo alinyoa ndevu zake kwa kesi ya namna hiyo, na zilikuwa ndevu nzuri jamani, mkewe alilia.

Kwa hiyo Shangazi aliporudi kazini Jumatatu, akavua viatu, akasimama katikati ya sebule na soksi zake, akasema, "Baba, naleta kesi," mimi kijiko kilinidondoka.

Babu hakuinua hata macho. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye panga la feni ya mtu. "Kesi gani?"

"Ya ufunguo wa karakana."

Hapo akainua.

Karakana ni kile chumba chetu cha mbele kinachotazama barabara. Babu ni fundi wa feni, pasi na redio, na humo ndimo anamoishi. Huku ndani anakuja kula na kulala tu. Ufunguo wake anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Ukimvua ule ufunguo sijui utakuwa umemwachia nini. Sote tunalijua hilo, na Shangazi analijua kuliko sote, maana ni binti yake wa kwanza na wanafanana kila kitu mpaka ubishi.

"Umeacha chuma cha kuchomelea kinawaka, ukaja kula," Shangazi akasema. "Meza imeungua, Baba. Tundu hili hapa." Akaonyesha kwa vidole, tundu la kuingia yai.

"Meza ni yangu."

"Na nyumba tunayolala humo ni ya nani? Ya mende?"

"Nani hajawahi kusahau? Wewe si ulikwenda kazini na kandambili?"

"Sio chuma peke yake." Sauti yake ikashuka, na Shangazi sauti ikishuka ujue mambo yameharibika. "Ni karata. Ulikuwa hushindwi, Baba. Watu walikuwa wanakukimbia. Sasa kila Jumapili unashindwa. Unashindwa na mimi! Mtu akianza kupotewa na kitu alichokijua maisha yake yote..."

Hakumalizia. Shangazi ni muuguzi, na wodi yake ni ya wazee. Anayoyaona huko hayaleti nyumbani, ila siku hiyo aliyaleta.

Babu akaliweka panga la feni chini taratibu. "Mezani, basi. Jumapili. Ukishinda, ufunguo wako, ufunge, upangishe, ufuge kuku. Nikishinda mimi, nisisikie tena habari ya chuma."

"Na wa tatu nani?"

Wote wakanigeukia.

"Redio," Babu akasema, kwa sauti ya mtu asiye na chaguo.

Redio ni mimi. Ndivyo anavyoniita tangu nianze kusema, kwa madai kwamba kitufe cha kuzimia kilisahauliwa kiwandani.

Sasa, ngoja niueleze mchezo haraka, la sivyo utamu wenyewe utakupita. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Katikati ya meza zinafunguliwa tano za wote: tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha ya mwisho. Kwa mbili zako na zile tano unatengeneza kitu bora unachoweza. Kila zinapofunguliwa, watu wanatupia nati katikati. Ndiyo, nati, sisi tunachezea nati za redio zilizokufa, Babu anazo kopo kwa kopo. Na yetu ni poka ya kipimo: mwanzoni unatupia nati mbili mbili, mwishoni nne nne, basi. Huwezi kumtisha mtu kwa kumwaga kopo zima. Unaweza kutupa karata zako ukatoka, kumfuata aliyetangulia, au kupandisha. Na kabla hata ya kutazama karata, wawili wanaomfuata mgawaji wanatoa kwa lazima, mmoja nati moja, mwingine mbili, ili kuwe na cha kugombania.

Halafu kuna majirani. Saba na nane ni majirani. Tisa na kumi ni majirani. Wakiwa wote kopa, au wote pau, basi ni majirani wa ukoo mmoja, na hao ukiwaona moyo unapiga vigelegele. Wanaweza kukujengea ngazi, yaani karata tano zinazofuatana, zinazoshinda jozi yoyote. Wanaweza kukuitia ukoo mzima, yaani tano za aina moja. Nyumbani kwetu kuna sheria yao yenye umri mkubwa kuliko mimi: majirani wa ukoo mmoja hawafukuzwi mlangoni. Ukiwapata, unacheza, hata kama mtu amepandisha. Aliyeitunga sheria hiyo ni Babu, enzi hizo meza inazungukwa na watu tisa, baba zangu wadogo, mashangazi, Bibi na sigara yake, viti havitoshi mpaka wengine wanakalia ndoo.

Siku hizi viti vinabaki. Baba zangu wadogo wameoa, mashangazi wameolewa, Bibi ametutoka. Tuko watatu.

Basi jioni hiyohiyo tukacheza kidogo, ya kupasha moto tu. Shangazi akagawa, akapandisha. Babu alikuwa amekalia nati ya lazima, ile moja. Akatazama karata zake, akakuna sikio, akafuata. Mimi nikatupa. Zikafunguliwa tatu, mbili zikiwa pau. Shangazi akatupia nati, Babu akafuata. Ya nne, si pau. Shangazi nne, Babu nne. Ya tano, uru.

"Fungua, Baba."

Sita na saba za pau. Hana hata jozi. Shangazi alikuwa na ree na kumi, na yeye hana jozi, lakini ree ni ree, haina mkubwa.

"Moja tu!" Babu akapiga meza. "Ingekuja pau moja tu, mngenitafuta!"

"Mbona umenifuata, Baba? Si nilipandisha?"

"Majirani wa ukoo mmoja hawafukuzwi."

Shangazi akazikusanya zile nati kama mtu anayeokota vioo vilivyovunjika. Ningesema alikuwa na furaha ya ushindi ningekuwa mwongo. Ikaja mikono mingine, na mchezo ukaenda vilevile: majirani, kufuata, kukosa, kupiga meza.

Na hapo ndipo likaanza kuniwasha. Mimi nasoma takwimu chuoni, na kitu nilichokipenda kwenye takwimu tangu siku ya kwanza ni kwamba inakuruhusu kuwa mbea kwa heshima. Unauliza, unachungulia, unarudi kuuliza tena, na badala ya kutukanwa unapewa alama. Sasa nikamchungulia babu yangu mwenyewe. Nikajiuliza, huyu amebadilika nini? Sikio analikuna lilelile. Karata anazichanga vilevile, kwa kishindo. Majirani anawafuata kama alivyowafuata nikiwa bado nakalia magoti yake. Mzee hajabadilika hata ukucha! Na kama mtu hajabadilika, lakini matokeo yamebadilika, si ina maana kilichobadilika kiko nje yake?

Usinione mwenye akili. Swali lilikuwa mbele ya pua zetu wote, tumelikalia kama kiti.

Kesho yake nikajifungia chumbani, nikatandaza karata kitandani, nikagawia watu tisa. Wote tisa mimi. Nikamweka baba mdogo mwenye ndevu pale kwenye mto, Bibi miguuni, nikawa napandisha kwa sauti zao, mpaka Shangazi akagonga mlango kuuliza kama nina homa. Mmoja kati yao nikampa majirani kila mara, nikacheza, nikacheza, nikahesabu nani ameondoka na nini. Halafu nikawafukuza sita, nikabaki na watatu, nikaanza upya.

Weee! Nilipiga kelele peke yangu.

Sikiliza. Mwenye majirani kwa kawaida hana kitu mkononi, ana ahadi. Anangoja karata ya kumkamilishia. Na hata mambo yakimwendea vizuri, zile tatu za kwanza zikamletea ndugu wawili wa ukoo wake, bado yule ndugu wa tano anayemngoja humjia mara moja na kumkosa karibu mara mbili. Kwa hiyo ile mara moja lazima ilipe hasara ya zile mbili. Mezani kwa watu tisa inalipa, na kubaki inabaki! Kuna mjomba mwenye jozi, kuna shangazi mwenye jozi kubwa zaidi, kuna mbishi asiye na kitu anayetaka kuona tu, na wote wanakulipa. Lakini mkiwa watatu, mmoja katupa, amebaki mmoja wa kukulipa. Na kwa kuwa ni poka ya kipimo, hata huyo mmoja huwezi kumkamua zaidi ya zile nne nne. Unangoja kwa bei ya sherehe, unalipwa kwa bei ya msiba.

Na la pili: mkiwa watatu, mara nyingi hakuna mwenye kitu. Ree tupu inashinda. Mfalme tupu anashinda. Sita na saba wakikosa ndugu zao, wanamshinda nani?

Babu hakuwa anasahau. Alikuwa anakumbuka mno! Alikuwa anacheza na watu tisa, na sita kati yao hawapo.

Nilikimbia karakana na kandambili moja. Babu alikuwa ameinamia pasi, moshi wa risasi ya kuchomelea unampanda puani.

"Babu, wafukuze majirani!"

"Wamefanya nini?"

"Wa karata!"

Nikammwagia yote, ndugu, ahadi, msiba na sherehe. Alinisikiliza bila kuacha kuchomelea, na nilipomaliza akasema, "Siku hizi chuo kinafundisha kamari?"

"Kinafundisha kuipima bahati."

"Ile sheria niliitunga mimi, Redio. Imenilisha ushindi kabla baba yako hajaota meno ya mbele."

"Uliitunga kwa meza ya watu wangapi?"

Akatazama ukutani, pale zilipotundikwa feni zisizo na wenyewe, na nikaona midomo yake inajongea, kama anayewapanga watu kwenye viti. Kisha akachomoa waya wa kile chuma ukutani, akaisogeza pasi ya mtu pembeni kwa kiwiko.

"Gawa."

Tukacheza juu ya ile meza iliyoungua. Mara ya kwanza nilipompandishia akiwa na majirani, mkono wake ulikwenda kwenye nati wenyewe, kama unavyokwenda kwenye swichi ukiingia gizani. Akaurudisha. Akazitupa zile karata na kuzitazama zinavyolala, sura kama ya mtu anayempungia mwanawe kituoni. Tukaendelea. Mwenye pasi akaja, akaambiwa arudi kesho. Akaja mwingine, akaambiwa feni yake inahitaji kupumzika.

Halafu Babu akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Mimi, wa chuo!

"Sasa umesema mkiwa watatu mara nyingi hakuna mwenye kitu."

"Ndiyo."

"Basi na wewe pia huna."

"Ndiyo..."

"Kwa hiyo kama mimi ndiye wa kwanza kusema. Hakuna aliyepandisha. Mimi ndiye napandisha, nina majirani. Itakuwaje?"

Tukajaribu. Tukajaribu tena, naye anacheka chini kwa chini kama mtu aliyekuta mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe baada ya miaka yote hiyo. Ukipandisha wa kwanza, wenzako mara nyingi hawana kitu, wanatupa, unazoa nati za lazima bila hata kufunguliwa karata. Na akitokea mmoja wa kukufuata, bado una ile ahadi yako mfukoni.

"Kumbe si kuwafukuza," akasema, anazungusha nati vidoleni. "Ni kutokuwapeleka kwenye mlango wa mtu. Watembee mbele, sio nyuma."

"Babu, hiyo sheria mpya?"

"Hii ni ya meza ya watu watatu. Usimwambie Shangazi yako."

"Redio imezimwa."

"Hiyo siku sijaiona bado."

Niliishikilia mpaka Jumapili, jamani. Nilikula nimefumba mdomo. Shangazi akaniuliza tena kuhusu homa.

Jumapili baada ya chakula cha mchana tukafuta meza, tukagawana nati, kila mtu rundo lake. Babu akauvua ufunguo, akauweka pembeni ya kopo la sukari, na kamba yake. Shangazi akautazama mara moja, hakuurudia tena. Alikuwa amefunga kitambaa kama anakwenda kazini.

"Sikuachii hata nati moja, Baba," akasema.

"Ukiniachia nitakuchapa, na utu uzima huo."

Mwanzoni mambo yakawa ya kawaida, hiki kwako, hiki kwangu. Kisha Shangazi akagawa, akapandisha. Babu amekalia ile nati moja ya lazima. Akatazama karata zake. Mkono ukaenda kwenye nati.

Ukasimama.

Ukarudi. Babu akazitupa karata zake chini, kifudifudi, akakuna sikio. Nikatupa na mimi, haraka, kabla sijasema kitu. Shangazi akakusanya vyake.

Kwetu mkono ukishaisha unaruhusiwa kuuliza. Shangazi akauliza tu, ilimradi. "Ulikuwa na nini?"

Babu akazifunua. Saba na nane za kopa.

Nilimwona Shangazi anazitazama zile karata kama mtu aliyekuta kiatu chake kwenye mguu wa mwingine. "Baba. Umetupa majirani?"

"Nimetupa."

"Hukuwaona?"

"Nimewaona, wanapendeza. Lakini umepandisha wewe, na tuko watatu. Redio akitoka, nani atanilipa nikifika? Wewe peke yako, kwa kipimo. Haitoshi." Alisema kama anavyomweleza mteja kwamba pasi yake haina kosa, ila umeme wa nyumbani kwake ndio mdogo. "Sheria ile ilikuwa ya watu tisa. Huyu mtoto alinionyesha Jumanne. Nilikuwa nawachezea watu ambao hawapo."

Shangazi akasimama, akaenda jikoni. Nikasikia maji yanafunguliwa na hayafungwi. Nikamfuata. Alikuwa ameshika glasi tupu chini ya bomba, maji yanapita pembeni.

"Jumanne?" akaniuliza.

"Jumanne."

"Mara moja tu ulimwonyesha?"

"Tulicheza mchana kutwa, ila siku hiyo tu. Na mengine kanionyesha yeye."

Akafunga maji. "Wodini kwangu kuna mzee tulimhamishia kitanda, kutoka ukutani kwenda dirishani. Asubuhi namwambia, baba, siku hizi unalala dirishani. Anaitika vizuri kabisa, ananishukuru. Mchana namkuta amesimama ukutani anatafuta kitanda. Kila siku. Cha zamani anacho, tena vizuri, anakutajia majina ya walimu wake. Kipya hakiingii." Akajifuta mikono kwenye kitambaa cha kichwa, hakujua hata anachofanya. "Nilidhani Baba cha zamani kinamtoka. Kumbe alikuwa nacho, ndicho kilichokuwa kinamponza. Halafu kipya kikaingia siku moja tu, kikakaa. Umeona mkono wake ulivyosimama?"

"Niliuona, Shangazi."

"Nilikaribia kuchukua ufunguo wa mtu mzima na akili zake."

Akarudi mezani, mimi nyuma yake. Akasimama. "Baba, kesi niliileta mimi. Naiondoa."

"Huondoi."

"Baba—"

"Hapa si sokoni, unashika nyanya unairudisha. Kesi ikishawekwa mezani inaishia mezani. Na chuma kweli nilikiacha kinawaka." Akazikusanya karata, akazichanga kwa kishindo. "Kaa. Zamu yangu kugawa."

Shangazi akakaa. Na hapo ndipo ilipoanza kuwa ngumu, maana sasa hakutaka kushinda, na kucheza ili ushindwe kwetu ni wizi uleule wa kucheza kwa kuiba. Angejua. Babu angejua kabla yake.

Babu akagawa, na mgawaji kwetu ndiye anayeanza kusema. Akapandisha. Nikatupa. Shangazi alikuwa na zile mbili za lazima, akafikiri, akafuata. Zikafunguliwa ree, nne na mbili. Shangazi akagonga meza, yaani hatoi kitu. Babu akatupia nati mbili, tuli, kama anaweka sukari kwenye chai.

"Una ree," Shangazi akasema. Akatupa. "Ulikuwa na nini?"

Tisa na kumi za shupaza.

"Majirani! Si umesema umewaacha?"

"Nimeacha kuwapeleka kwenye mlango wa mtu. Kutembea nao mbele sijaacha."

Shangazi akacheka mpaka akakohoa, kisha akapangusa macho na kumnyooshea kidole. "Mzee, wewe ni hatari. Gawa, Redio. Sasa namla kweli."

Na akamla kweli, hiyo ndiyo habari. Usifikiri kucheza vizuri kunazuia kitu. Babu alicheza kuliko nilivyowahi kumwona, na karata zikamkataa tu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepiga simu kila namba haipatikani. Rundo lake likapungua. Mimi nilikuwa nalo langu la wastani, natupa kila kitu.

Ikafika zamu yake ya kugawa akiwa amebakiwa na nati tatu. Akatazama karata zake, akazisukuma zote tatu katikati.

"Zote?"

"Ndizo zilizopo."

Nikatupa. Shangazi alikuwa ameshatoa mbili za lazima. Ilimpasa kuongeza moja tu. Akazitazama karata zake muda mrefu, akanitazama mimi. Nilijua anachouliza bila kuuliza, na nilijua jibu, na nilitamani nisilijue. Kwa nati moja, juu ya zote zilizokuwa zimeshalala pale, hata karata mbovu unafuata. Kutupa hapo kungekuwa kumwachia.

Akaweka nati moja.

"Ree na mfalme," Babu akasema, akazifunua. Karata za kifalme kabisa.

Shangazi akazifunua zake. Tano na sita za uru.

"Majirani," Babu akasema polepole.

"Kwa nati moja, Baba."

"Kwa nati moja hata mimi ningewafungulia mlango."

Nikazifungua za katikati, maana wao hakuna aliyezigusa. Ree, saba, nne. Babu ana jozi ya ree! Nikakaribia kuruka. Malkia. Bado ya Babu. Ya mwisho.

Nane.

Nne, tano, sita, saba, nane. Ngazi, imepigwa msumari kila kidaraja.

Babu akainuka kidogo, akauchukua ule ufunguo pembeni ya kopo la sukari, akauweka mbele ya binti yake. Akainyoosha na kamba yake, ikae vizuri.

"Imekwisha," akasema. "Umecheza sawasawa. Ungetupa zile ningekununia mwaka mzima."

Nilitaka kupiga kelele kwamba si haki, kwamba takwimu zinasema, kwamba mkono mmoja hauthibitishi kitu. Shangazi akanikata jicho moja tu. Akauokota ufunguo, akauvaa shingoni juu ya gauni. Akakaa nao, anaupima uzito.

"Kwa hiyo karakana ni yangu," akasema.

"Ni yako."

"Naweza kufanya ninavyotaka. Kufunga, kufuga kuku."

"Kuku watanuka, lakini ndiyo."

"Shida yangu ni kwamba kuna feni za watu humo, na pasi, na watu wameshaanza kunisema mtaani kwamba nawachelewesha. Nahitaji fundi." Akaegemea kiti. "Baba, hakuna fundi unayemjua?"

Babu akamtazama. Kisha akatazama dari, kama anayepekua majina mengi.

"Kuna mmoja," akasema. "Ila mbishi."

"Nitamvumilia. Masharti yangu: chuma kitakuwa na swichi yenye taa nyekundu, mlangoni, pale ambapo hawezi kutoka bila kuiona. Ufunguo asubuhi nampa mkononi, jioni nauchukua na nauliza. Akinijibu vibaya, namfukuza."

"Swichi ataifunga nani?"

"Si fundi?"

"Atataka kujua kama atalishwa mchana."

"Atalishwa. Akija mezani, nisimpelekee huko."

"Na Jumapili?"

"Jumapili anapumzika. Anacheza karata na tajiri wake, kwa heshima."

Babu akakuna sikio. "Nitamfikishia," akasema, akainuka, akanyoosha mkono. Shangazi akauvua ufunguo na kuuweka kwenye kiganja chake, naye akaenda zake mbele. Tukasikia kitasa, tukasikia kiti kinaburutwa, tukasikia kitu cha chuma kinaanguka na Babu anakilaani.

"Tajiri!" akaita kutoka huko. "Taa ya huku imeungua! Leta nyingine, na ngazi, na huyo Redio aje anishikie waya!"

Shangazi, ambaye tangu nimjue hajawahi kukubali kutumwa Jumapili, tayari alikuwa anapekua droo.